Mtego wa Mama Mujinga

Mujinga Kalenga ni fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, na timu ya voliboli ya wanawake ya Nyota aliianzisha yeye. Alipokuwa msichana aliwakusanya wenzake wa kwaya ya parokia. Baba yake, mfanyakazi wa reli, akawasimikia nguzo za chuma nyuma ya kanisa, naye Mujinga akafuma wavu kwa kamba za magunia. Rafiki yake Edith alicheza ubavuni pake miaka yote ile. Kisha Edith akaolewa mtaa wa Kasungami, akaondoka na nusu ya wachezaji, akaanzisha timu yake huko. Tangu hapo Mujinga, ambaye siku hizi ni kocha, hakumwamini mtu wa upande ule.

Na Bénie, mchezaji mpya, alitoka upande ule. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mkono mzito. Mujinga alimpokea kwa kuwa timu ilikosa mpigaji, lakini hakumwondolea macho. Kila mazoezi yalipokwisha, binti alijitenga ukutani na simu, akanong'ona.

« Uko unasemaka na nani? »

« Na mama. Iko Mokambo, ku mpaka, anauzisha vitenge. »

« Na mama, kila siku? »

Bénie alitabasamu tu. Mujinga hakulipenda tabasamu lile.

Nyota walipokutana na Kasungami, walipigwa vibaya. Kila Chancelvie, mgawaji wa mipira, alipoficha vidole mgongoni kuwaonyesha wenzake mpira utakwenda wapi, mikono ya Kasungami ilikuwa imekwisha kufika juu ya wavu, inangoja.

« Kuna muntu anauzisha alama zetu », Mujinga akasema. Hakutaja jina. Wasichana wote walimgeukia Bénie.

Kabla ya mechi ya marudiano Mujinga alibadilisha alama zote. Ngumi, aliwaambia wachezaji wengine, ni mpira wa kushoto. Kisha akamwita Bénie pembeni, akamwambia ngumi ni mpira wa katikati. Kasungami wakikimbilia katikati, mwizi atakuwa amejulikana.

Siku ya mechi Mujinga alikaa kwenye benchi, macho kwenye mgongo wa Chancelvie. Chancelvie akafumba ngumi mgongoni. Bénie akakimbia katikati, akaruka kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda kushoto, na huko kushoto Kasungami walikuwa wanaungoja. Bénie akatua juu ya mguu wa mwenzake. Kifundo kikapinda, akabaki chini ameuma meno.

Mechi ilipokwisha, Edith alitoka benchi la Kasungami, akamfuata Mujinga.

« Uko unatafuta nani? Ni weye mwenyewe. Ukiona vidole vya ule mutoto, unageuza bega kule mpira utaenda. Tangu zamani. Mi naangaliaka bega yako tu. »

Jambo la kwanza lililomjia Mujinga kichwani lilikuwa: kwa nini ananiambia? Anaficha nini?

Akaenda kwa Bénie, aliyekuwa ameegemea ukuta, barafu kifundoni.

« Mama Mujinga, ngumi haikuwa ya katikati? »

« Ulisikia mubaya. »

Chancelvie, aliyekuwa amepiga magoti kando yake, akainua kichwa. « Sisi wote ulituambia kushoto, Mama. Na yeye ulimuambia nini? »

Mujinga akainama kuokota mipira. Bénie alimtazama bila hasira, kisha akaomba asaidiwe kusimama.

Msimu uliofuata Bénie alivaa jezi ya Kasungami. « Ulisema kweli, Mama, alikuwa wa kwao », wateja walimwambia Mujinga. Yeye aliendelea kushona, akasema tu kwamba gauni litakuwa tayari Jumamosi.

Timu zilipokutana tena, Mujinga alijifunga kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Bénie alivuka uwanja kuja kumwamkia, kwa mikono miwili, kwa heshima kama zamani. Mujinga akaitika. Binti alipogeuka kurudi kwa wenzake, Mujinga alimfuata kwa macho hadi benchi la Edith, akijiuliza amekuja kuangalia nini.