Mwizi Huzuiwa Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kaloleni, mwanangu, miaka ya themanini ikiwa ukingoni, jua la Kisumu limeichoma sakafu ya simiti mpaka nyayo zinawaka ndani ya raba. Nakusimulia wewe uliyejaliwa kimo na sasa timu kubwa zinakutaka ukalinde chini ya kikapu. Watakaokwambia uruke ni wengi. Mimi nitakwambia habari za miguu.

Siku zile hakuna aliyelipwa kwa mpira wenyewe. Kampuni ilikupa kazi, na ukiichezea vizuri timu yake unabaki kazini. Mimi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha nyuzi, nimetolewa mtaani Obunga kwa ajili ya urefu wangu tu, na mama yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameanza kupumua. Meneja alituita akatwambia waziwazi: timu ikibaki ligi kuu, wachezaji vibarua wataandikwa kazi ya kudumu, ikishuka, timu inavunjwa na vibarua waende zao. Mechi ya Jumamosi ile ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Niliogopa, mwanangu, hata uji wa asubuhi nikawapa wadogo zangu.

Wapinzani walitoka Nairobi, na senta wao tulimwita Lori. Senta, kama hujui, ni yule anayekaa karibu na kikapu, amekupa mgongo, anangoja apewe mpira ili akusukume mpaka afunge. Lori alikuwa na mgongo mpana na subira ya mtu anayejua chakula kitaiva tu. Mimi ndiye niliyepewa kumzuia.

Kipindi cha kwanza nilimngoja apate mpira, halafu naruka. Mara moja niliupiga mpira wake kofi ukaenda kugonga ua wa mabati, na watu wakapagawa. Kichwa kikanivimba. Kumbe Lori ameshanisoma. Akawa anajifanya anarusha, mimi naruka, namwangukia, refa anapuliza. Tulipokwenda mapumziko nilikuwa na faulo tatu, na ya tano inakutoa uwanjani. Nyuma yangu hapakuwa na mrefu mwingine ila Mama Akinyi, nahodha wetu, ambaye goti lake lilikuwa limefungwa bendeji na asingeweza kukimbia hata kutoka kwenye mvua.

Ndiye aliyenishika mkono akanivuta pembeni. Maji hakunipa.

"Nyar Alego," akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Alego, "unataka makofi ama unataka kazi?"

Nikamjibu kwamba nilimzuia Lori, kila mtu ameona.

"Mara moja. Na yeye amefunga mara ngapi? Mwizi anazuiwa mlangoni, nyathina, mtoto wangu. Wewe unangoja ashike sufuria ndio unaanza kupiga nduru. Kabla apate mpira, huyo ni mtu tu kama wewe. Angalia pale anataka kuweka mguu, na wewe kuwa hapo kwanza. Na akikushinda nguvu, mwenye nguvu mpishe."

Methali ile iliniudhi. Niliiona ya waoga. Nikamwuliza, "Nimpishe afunge?"

"Nimesema umpishe. Sijasema saa ngapi. Nitakwambia."

Tukarudi. Nataka uelewe kazi niliyoifanya kipindi kile, maana haikuwa na uzuri wowote. Lori akikimbilia mahali pake, ananikuta nimeshasimama, magoti nimeyakunja, kifua changu ubavuni mwake, mkono mmoja mbele yake ambako mpira ungepita. Ananipiga kiwiko, nabaki. Anahamia upande wa pili, nahama naye. Mara nyingi hata pasi haikuja, wenzake wanaangalia, wanaona hapapitiki, wanatafuta kwingine. Na akiipata, anaipata hatua moja mbali zaidi ya alipozoea, na hatua hiyo moja ilimtesa. Nilinyoosha mikono juu nikaacha kuruka. Mbavu ziliuma nikatamani kulia. Hakuna aliyepiga makofi, ila alama zao zilianza kuja kwa shida.

Hata hivyo nilipata faulo ya nne. Mlinzi wetu wa mbele alikuwa amelala usingizi na mimi sikumwita, akapitwa, ikabidi nimgonge aliyempita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo nikajua kosa moja tu, nimetoka.

Dakika za mwisho tuliongoza kwa pointi moja. Mpira wao. Kila aliyekuwapo alijua unakwenda kwa Lori, na ukaenda. Nilimsukumia nje kadiri nilivyoweza, lakini aliudaka, akanipa mgongo, akaanza kusukuma huku akiudunda. Bega. Bega tena. Raba zangu zinateleza kurudi nyuma, kikapu kinakaribia, mikono yangu iko juu na mwili mzima unaniambia ruka, mpige, fanya kitu. Nikaona kiwanda kinanitoka, nikamwona mama yangu na beseni lake.

"Mpishe," Mama Akinyi akasema kutoka benchi. Hakupaza sauti sana. "Sasa."

Lori alikuwa ameshaushika mpira na kujaza uzito wake wote kwangu kwa bega la mwisho. Nikatoka. Nilivuta mguu nyuma na pembeni, nikamwachia hewa. Akarudi kinyumenyume akitafuta mtu wa kuegemea, mpira mikononi, hatua baada ya hatua, akakaa chini pu.

Kipenga kikalia.

Mwanangu, sijui kama umewahi kusikia kipenga bila kujua kimempigia nani. Nilisimama mikono juu. Refa alinitazama mimi kwanza. Kisha akazungusha mikono mbele ya kifua: ametembea na mpira bila kuudunda. Mpira wetu.

Tulishinda. Watu waliingia uwanjani wakambeba msichana aliyefunga alama nyingi, na wakasema Lori ameteleza, jasho lilikuwa limelowesha simiti. Mama yangu mwenyewe, aliyekaa pale mchana kutwa, aliniuliza njiani, "Na wewe leo ulifanya nini?" Nilikasirika siku mbili. Jumatatu karani akaniita nikatie sahihi kazi ya kudumu, na kazi hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba na kuwasomesha wadogo zangu.

Basi, mwanangu, ukitaka kuwa mlinzi mkubwa wa chini ya kikapu, fanya kazi yako kabla mpira haujafika. Kinga ni bora kuliko tiba. Tangulia kwa miguu, mikono iwe ya mwisho. Waite wenzako, hata kama sauti imekauka, maana wewe uliye nyuma ndiye unayeona yote. Usimrukie anayekutega. Simama imara kwa mwenye nguvu, na ujue lini kumpisha ili nguvu zake zimwangushe mwenyewe. Na kazi yako bora zaidi watu wataiita utelezi. Waache waite hivyo.

Mungu akupe magoti yatakayodumu na mbavu zisizovunjika, akupe mtu wa kukwambia ukweli wakati wengine wanakushangilia. Na watakaokula kwa jasho lako wasilale njaa hata siku ambayo hakuna aliyekuona.