Gasketi ya Boksi la Nyuzi

Harufu ya petroli ikichanganyika na sabuni ya mche hunikamata popote nilipo. Juzi nilikuwa nimesimama dukani kununua mchele. Karibu yangu kijana aliyekuwa akitengeneza pikipiki yake alikuwa akinawa mikono bombani kwa kipande cha sabuni. Mwenye duka aliniuliza mara mbili nataka kilo ngapi. Nilishafika uani kwetu Mtoni, nina umri wa miaka kumi, nimeshika spana kwa mikono miwili, namtazama baba yangu akiharibu kazi.

Nasema akiharibu kazi, na wewe usiyemjua baba yangu huwezi kushangaa inavyostahiki. Baba alikuwa mshona kanzu mjini. Kanzu yake ungeigeuza nje ndani usijue mshono umeanzia wapi. Mwanafunzi wake akikosea tundu moja la sindano, Baba humfumulisha upande mzima. Hata papai nyumbani alilikata kwa kulipima kwanza kwa jicho, na sisi tukimngoja huku mate yakitujaa.

Tulikuwa watatu nyumba ile: Baba, mimi, na Shangazi Moza, dada yake mkubwa. Mama yangu alifariki mimi sijajua kutambaa, na Shangazi ndiye aliyenilea, kama alivyomlea Baba mwenyewe walipofiwa na mama yao. Kazi yake ilikuwa kushona kofia kwa mkono, na mimi nilikwishaanza kumsaidia kudunga vitobo. Mumewe aliondoka kwenda Maskati baada ya mapinduzi, naye Shangazi alikaa karibu miaka sita akingoja ruhusa ya kumfuata. Hatimaye ruhusa ikatoka: wiki mbili, kwenda kumtazama mume mgonjwa. Mimi niliambiwa wiki mbili nikaamini wiki mbili. Baba na Shangazi walijua kwamba aondokaye vile harudi. Karatasi ile ilikuwa na tarehe yake, na asipopanda ndege ya Alkhamisi ingekufa, na ya pili isingepatikana.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo gari yetu ikaanza kukohoa. Ilikuwa gari kuukuu ya Kiingereza, ndogo, ambayo Baba aliipenda kuliko ilivyostahiki kupendwa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta inatetemeka, inapiga mluzi, inazima. Baba alifungua boneti, akadondosha mafuta ya taa kidogo pale bomba la hewa na petroli linapokutana na injini, na mlio ukabadilika.

"Hapa ndipo inapovuta upepo," alisema. "Gasketi imekufa."

Nilidhani gasketi ni kitu kikubwa cha chuma. Alipofungua nati na kulilaza lile bomba juu ya mkeka, kumbe ni kibamba cha karatasi ngumu chenye matundu, kinachokaa baina ya chuma na chuma ili pumzi isipenye. Chetu kilikuwa kimekatika vipande. Siku zile spea zilikuwa adimu, na mjini kote hakukuwa na ya gari ile. Kumwita fundi Baba hakutaka, kwa sababu fundi lazima akuulize una safari ya wapi. Teksi nayo ikisimama mlangoni na kupakia mzigo, mtaa mzima ungechungulia, na habari ikifika serikalini ruhusa ingefutwa. Kwa hivyo ama gari yetu ipone kabla ya Alkhamisi, ama Shangazi abaki.

Jumanne Baba alirudi mapema kutoka dukani kwake na boksi la nyuzi, lile gumu la kadibodi. Akaketi uani, akachora kwa chaki yake ya kitambaa, akakata kwa mkasi wa kazi. Alipoiweka, matundu ya skrubu yalipishana kwa upana wa kidole. Nilimtazama usoni nikidhani anatania. Akasema, "Haidhuru," akaitupa.

Ya pili ilikaa vizuri, lakini aliikaza nati moja mpaka mwisho kabla hajazigusa nyengine, kadibodi ikachanika. Hata mimi nilijua kwamba kitambaa hakivutwi upande mmoja. Ya tatu aliiroweka maji ili ilainike, akaianika juani, akaisahau. Jioni ilikuwa imejikunja na imeatuka.

Nilichanganyikiwa, jamani. Nilihisi kama nimemwona mwalimu wangu wa chuo cha Kurani akikosea alifu. Nilikwenda jikoni kumwambia Shangazi, "Baba leo hajui kukata." Aliacha kukoroga, akanitazama kitambo.

"Mwache," alisema. "Mkono umechoka."

Sikumwacha. Nilikuwa mtoto mwenye kiherehere, na wanaonijua watakwambia sijapona. Tena nilikuwa na sababu yangu: nilizipenda safari za gari ile hadi uwanja wa ndege Kiembe Samaki, na nilitaka Shangazi awahi kwenda ili awahi kurudi, maana aliniahidi kuniletea viatu. Jumatano alasiri, Baba alipokwenda msikitini, nilichukua kipande kilichobaki cha boksi. Nilipaka grisi mdomo wa lile bomba, nikaukandamiza kwenye kadibodi, alama zote zikatoka, kila tundu mahali pake. Kisha nikachukua sindano nene ya kofia, nikadunga kitobo baada ya kitobo kuifuata alama, kama nilivyofundishwa. Nilipozisukuma kwa kidole, sehemu za kati zikaanguka zenyewe. Nikaisugua kwa sabuni ya mche pande zote mbili, kwa sababu nilimsikia Baba akisema petroli haili sabuni.

Baba aliporudi alisimama mbele ya mkeka, hakuketi.

"Nani kakata hii?"

"Mie, Baba."

"Nani kakufundisha?"

"Shangazi. N'meidunga kama kofia."

Aliiokota, akaipima kwa jicho tundu kwa tundu, hadi nikadhani ntachapwa. Niliruka ruka mguu kwa mguu, nikamwambia, "Itie, Baba, itie uone!" Akaitia. Safari hii alikaza nati kidogo kidogo, huku na huku, polepole, kila moja kwa zamu yake. Alipoiwasha, gari ikanguruma taratibu bila kukohoa wala kupiga mluzi. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Shangazi alitoka mlangoni, akaisikiliza. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," alisema, akacheka, kisha akarudi ndani. Alipotoka tena macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Usiku ule tulikula muhogo wa kuchemsha na chai.

Nilingoja nisifiwe. Baba alinawa mikono yake kwa sabuni mara tatu, akaingia kulala. Hilo liliniumiza sana, sitaki kukuficha.

Alkhamisi tulimpeleka. Alibeba kikapu kimoja tu, na mimi nikastaajabu mtu aendaye mbali achukue nguo za siku mbili. Uwanjani Baba alimbusu mkono, akabaki ameushika. Shangazi akamwambia, "La kuvunda halina ubani, ndugu yangu. Niachie." Njiani kurudi tulilipita duka la Baba, tukaipita nyumba yetu, tukafika mpaka Bububu ndipo akageuza gari. Nilimuuliza wiki mbili ni siku ngapi.

"Kumi na nne, mwanangu," alisema, na nikaanza kuhesabu.

Shangazi alituandikia barua miaka mingi, na akazikwa kule kule. Yeye na Baba hawakuonana tena.

Kwamba zile gasketi tatu hazikuharibika kwa bahati mbaya, nililitambua nilipokuwa msichana mkubwa. Nilijilaumu sana. Niliona ni mimi niliyemnyang'anya Baba dada yake, kwa sindano niliyofundishwa na dada huyo huyo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini hatukuwa watu wa kuzungumza mambo kama hayo, mpaka akaondoka duniani.

Lililobaki lilinichukua miaka mingine mingi, mpaka nami nikawa mama wa mtoto anayeniletea kazi ya mikono yake niitazame. Ile ya nne Baba angeweza kuichana vile vile. Nati moja tu angeikaza kupita kiasi, na dada yake angebaki, na mimi ningeamini kwamba kadibodi yangu haikufaa. Alinitazama nikirukaruka pale uani, grisi hadi puani, nikimwambia aitie aone. Akakaza kila nati kama inavyotakiwa.