Kiti Kinachotazamana na Kamera

Mwezi Machi mwaka jana mganga mfawidhi wetu, Dk. Nathaniel, aliniomba nimwandikie jina moja. Hospitali mbili, yetu ya Kibondo na nyingine ya Kasulu, zilikuwa zikitafuta mratibu wa tiba mtandao: mtu atakayehamia Kasulu na kuwafundisha wenzake kuzungumza na madaktari bingwa kupitia skrini. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa chumba cha skrini, kwa hiyo pendekezo lilikuwa langu. Nilikaa siku tisa bila kuandika, kwa sababu jina lililokuwa kichwani mwa kila mtu hospitalini lilikuwa la Herieth Hatungimana, na lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa langu.

Nieleze habari za Herieth kwanza, nikijitahidi kuwa mwadilifu, ingawa sina hakika kama nina uwezo huo.

Ni muuguzi mwenye cheti, mzaliwa wa Kitahana, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Alisomea uuguzi akiwa tayari mama wa mtoto mmoja. Mumewe, Felician, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nyakitonto, upande wa Kasulu, na watoto wao wawili wanaishi naye. Kwa miaka sita Herieth alikuwa akipanda basi kila mwisho wa mwezi, anakaa siku mbili, anarudi. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Niliwahi tu kumsikia akimwambia mwenzake wa wodini, Asia, huku wakikunja mashuka: "Yule wangu wa mwisho siku ya kwanza ananiita shangazi. Siku ya pili ndiyo anakumbuka kuniita mama, na mimi ndiyo naondoka."

"Mwakani atakuomba kitambulisho," Asia akasema.

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nikijaza faili mezani, nikajifanya sikusikia.

Mimi ni Mpare, nina miaka arobaini na tisa na shahada ya udaktari. Vifaa vya mawasiliano ya video vilipoletwa, nilisoma kitabu cha maelekezo kuanzia jalada hadi jalada, nikipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na skrini pana, kipaza sauti bapa cha kuweka mezani mfano wa sahani, na kamera yenye tabia ya kugeuka yenyewe kufuata sauti. Hiyo kamera ndiyo iliyonishinda. Wazee wa Kiha hawaelezi ugonjwa kabla salamu haijaisha, na salamu yao huenda na makofi: mtu anainama kidogo, anapiga viganja taratibu, anauliza mmelalaje, nyumbani wazima, mashambani kukoje. Kila mgonjwa alipoanza makofi, kamera ilinikimbia katikati ya sentensi ikamgeukia yeye. Nilipoendelea kusoma historia ya ugonjwa, ikarudi kwangu. Dk. Yasmini, bingwa wa kifua aliyekuwa Dar es Salaam, aliona uso wangu, kisha viganja, kisha ukuta.

Nikawakataza wagonjwa kupiga makofi. Herieth, ambaye hakuwahi kufungua ukurasa mmoja wa kile kitabu, aliomba aketi nao. Akawaacha wasalimie mpaka mwisho, na kamera ilipokwisha kumgeukia mgonjwa, akabonyeza rimoti ikatulia pale pale.

"Si inamtafuta mgonjwa yenyewe, Daktari?" aliniambia. "Tuiache imwone."

Baada ya wiki mbili Dk. Yasmini alikuwa akijibu makofi kutoka Dar es Salaam, na wazee wakimwita binti yetu. Baada ya mwezi mmoja, kabla hata ya kunisalimu, alianza kuuliza: "Sista Herieth yupo?"

Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani na kula nalo. Sikuwahi kudhani kwamba mtu aliyesoma miaka yote ile anaweza kuona wivu juu ya kiti cha plastiki kinachotazamana na kamera, lakini niliona. Nilianza kuzisahihisha ripoti zake kwa kalamu ile ile nyekundu, nikitafuta nukta zilizokosekana. Alinishukuru kwa masahihisho. Nadhani hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenuna.

Ndipo likaja ombi la Dk. Nathaniel, na siku ya tatu ya kusitasita kwangu Herieth akaenda Makere kumzika mjomba wake. Alhamisi ilikuwa siku ya kikao na Dk. Yasmini. Asia alishauri tusogeze hadi Jumanne. Nilikataa. Nilitaka kikao kimoja tu kitakachokwenda vizuri bila yeye, ili niandike jina langu bila kuona haya.

Mgonjwa alikuwa Mzee Castory, mkulima wa Kitahana, mwenye kikohozi cha miezi minne kilichogomea dawa. Nilimshika mkono, nikamketisha, nikaielekeza kamera usoni kwangu na kuifunga isigeuke. Mzee akainama, akaanza makofi.

"Tumeshasalimiana, mzee," nikamwambia.

Akaiteremsha mikono mapajani. Nilieleza ugonjwa wake kwa mpangilio mzuri, dakika kumi na mbili, bila kukatizwa. Nilipomaliza, Dk. Yasmini alinishukuru.

"Daktari, wewe nimekuona vizuri sana," akasema. "Mgonjwa nitamwona lini?"

Nyuma yangu Asia alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Niligeuza kamera. Dk. Yasmini akamuuliza mzee kama kifua kinauma, akajibu ndiyo. Mgongo? Ndiyo. Anakula vizuri? Ndiyo. Au hali kabisa? Ndiyo. Muda wetu ukaisha.

Jumanne Herieth alikuwapo. Mzee Castory akapiga makofi, Herieth akamwitikia kwa Kiha mpaka wakamaliza kuulizana habari za mbuzi na mihogo, kamera ikatulia juu ya viganja vile, na Dk. Yasmini akasogea karibu na skrini yake.

"Mzee wangu, naomba urudie makofi. Sista, nisogezee vidole."

Ncha za vidole vya mzee zilikuwa zimevimba mviringo kama vichwa vya vijiko, kucha zimepinda juu yake. Ni dalili ya ugonjwa wa siku nyingi ndani ya kifua. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaifahamu.

"Daktari, hivi uliviona?"

"Sikuviona," nikasema. Nilikuwa nimeushika mkono ule siku tano tu kabla.

Alipewa rufaa siku hiyo hiyo. Huko alikopelekwa walimkuta na jipu la muda mrefu kwenye pafu, wakamtibu wiki tano, akarudi shambani kwake. Ningependa kuandika kwamba nilipoviona vidole vile kwenye skrini niliona aibu kwanza. Nilichoona kwanza ni kwamba vimeonekana Herieth akiwa amekaa kwenye kile kiti. Aibu ilifuata, imechelewa.

Jioni nikaandika jina lake na kumpelekea Dk. Nathaniel. Alilisoma, akasema nimefanya jambo la kiungwana. Sikumrekebisha. Nilimpendekeza kwa sababu alistahili, na kwa sababu ya wale watoto wa Nyakitonto. Lakini pia nilitaka aondoke, chumba kibaki changu. Hadi leo sijui ni sababu ipi iliyoshika kalamu.

Alihama mwezi Mei. Juma la tatu tukaunganishwa kwa mara ya kwanza, sisi Kibondo, yeye Kasulu na wanafunzi wake wanane, Dk. Yasmini Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimekalia kile kiti. Herieth alikuwa amesuka nywele upya, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayelala kwake.

"Daktari, shikamoo," akasema. "Naomba ufunge kipaza sauti hapo, karatasi zako zinatupigia kelele huku."

Wanafunzi wake wakacheka. Nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Kisha nikamwambia hongera, nikaitamka yote, huku nikijua kwamba sauti imefungwa.

Aliona midomo yangu. "Unasema, Daktari?"

Nikatikisa kichwa kwamba si kitu, naye akaendelea kufundisha.