Mkalimani Jikoni

Mama yangu alikuwa bibi shamba. Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo wanadhani alikuwa mke wa mwenye shamba, kwa hiyo nieleze. Ofisi ya kilimo pale Babati ilikuwa na mabwana shamba kadhaa, walioshughulika na mahindi, mbolea, trekta na kila kitu chenye kuleta pesa. Halafu ilikuwa na bibi shamba mmoja, mama yangu, aliyetakiwa kuwafundisha akina mama kupanda mchicha na kupika uji wa watoto. Wote walisoma chuo kimoja, masomo yaleyale. Mama alikuwa akisema kwamba chuoni alifundishwa shamba zima, ofisini akapewa bustani.

Nazungumzia miaka ile ya themanini, wakati hali ilipokuwa ngumu kwelikweli na sisi tukiwa bado mkoa wa Arusha. Sabuni tulikuwa tukiisikia tu, nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari ikiingia mjini, mtaa wetu mzima wa Nangara ulijua kabla gari halijashusha. Dizeli haikuwepo, na hata ingekuwepo isingesaidia kitu, maana trekta za wilaya zilikuwa zimepandishwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, magurudumu hayapo, kuku wa jirani wanatagia chini yake. Hapo ndipo wakubwa walipowakumbuka ng'ombe. Ikaamuliwa kianzishwe kituo kule Nakwa, wakulima walete maksai wao wafundishwe kuvuta plau, na wenye maksai nao wafundishwe kuwaongoza.

Wa kutuanzishia kituo hicho akaletwa mwanamke kutoka Marekani. Marekani tuliijua kwa unga wa njano, ule tuliokuwa tukipewa kwa zamu na kuula huku tunanung'unika. Jambo la pili tulilolijua ni kwamba huko wanawake walishamaliza kazi. Wanavaa suruali, wanaendesha magari, na waume zao wanaosha vyombo. Sijui nani alituletea habari hizo, lakini zilikuwepo, na katika watu wote walioziamini, mama yangu aliziamini kuliko wengine.

Mgeni alikuwa mrefu, mikono imeiva kwa jua, sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe wakiwa mbali. Kiswahili chake kilikuwa asante sana na maneno mengine machache. Mama akawekwa kuwa mkalimani wake, kwa sababu bwana shamba aliyepangiwa kituo, kijana mmoja mpole asiye na makuu, alikuwa akiona haya kuzungumza Kiingereza. Mkalimani hawezi kutafsiri kazi asiyoijua, basi mama akalazimika kujifunza kufunga nira, kumpanga maksai mkubwa upande wa mtaro, kushika mikono ya plau isiruke. Kwetu jambo hilo lilikuwa zito. Kwenye kulima kwa ng'ombe, plau ilikuwa ya mwanamume, mwanamke alifuata nyuma na mbegu. Mke akionekana ameshika plau, anayetahayari ni mume. Wazee walikuja kwanza kucheka, wakasimama pembeni na fimbo zao. Baadaye wakawa wanakuja kuuliza maswali.

Ikajulikana kwamba mvua zikiisha mgeni ataondoka, na kituo kitahitaji mkuu. Mgeni hakuficha, alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba anamtaka mama. Na mama aliitaka kazi ile. Sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu waziwazi namna hiyo. Alianza kupiga pasi nguo za kwenda kwa ng'ombe. Nilimcheka, naye akaniambia niendelee tu kucheka.

Sasa ikaja siku ya Bonga. Wanakijiji wa kule walikuwa wamelima kwa maksai wao kwa mara ya kwanza, wakaandaa chakula kumshukuru mgeni. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na mama. Mgeni aliketishwa meza kuu pamoja na mwenyekiti na wazee, chupa pekee ya soda ikawekwa mbele yake. Mwenyekiti akasimama akasema, "Bwana mtaalamu, karibu sana kijijini kwetu." Hakuna aliyeshtuka. Mzungu mwenye kazi alikuwa bwana, liwe gauni au suruali.

Mama akavuta kiti aketi kando yake. Mzee mmoja akamwinamia, kwa heshima kabisa, akamwambia, "Mama, akina mama wenzako wako kule nyuma. Hebu kawasaidie kupakua." Mama alimtazama mzee, akatazama kiti, akaenda. Mimi nikafuata.

Kule jikoni ukuta ulikuwa wa miti mitupu, tukawa tunasikia kila kitu. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu. Mgeni akajibu asante sana. Mzee akauliza dawa ya kupe italetwa lini. Asante sana. Mwingine akauliza kama maksai anayelala chini katikati ya kazi ni mgonjwa au ni mvivu. Asante sana. Halafu kukawa kimya, kimya cha watu wazima walioketi mezani na hawajui la kufanya. Kumwita mkalimani kungekuwa kukubali kwamba mwanamke waliyemfukuza kwenye kiti ndiye aliyekuwa na maneno yao yote. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukubali. Akina mama jikoni walibana vicheko mpaka mmoja akatoka nje.

Mwishowe mgeni mwenyewe akatufuata, ameinama mlangoni na soda yake mkononi. Akampa mama ile soda, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Akina mama hawakuipoteza nafasi. Bibi mmoja akamwambia mama, "Hebu muulize. Ni kweli kwao wanaume wanapika?"

Mgeni alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, na mama akawa anatuletea kwa Kiswahili, kwamba baba yake alikuwa na shamba la mahindi na ng'ombe. Alimfundisha yeye kuendesha trekta angali mdogo, na kila msimu walilima pamoja. Kaka yake hakupenda shamba, alipenda mji. Baba alipozeeka, shamba akampa kaka.

"Baba yake alikuwa mkorofi?" akauliza bibi.

"Hapana," mama akatafsiri. "Anasema alimpenda sana. Alimwambia ataolewa, atapata shamba kwa mumewe."

Jikoni watu wakaguna. Mgeni akaendelea. Alipoajiriwa huko kwao, kwenye ofisi ya kilimo, alikuwa mwanamke peke yake kwenye vikao, na kikao kikichelewa kuanza aliyeombwa kuleta kahawa ni yeye. Akamfundisha kazi kijana mmoja aliyeingia ofisini baada yake. Kijana yule akawa analipwa zaidi yake, kisha akawa mkubwa wake. Mgeni alikuwa bado anasema, midomo inakwenda, lakini Kiswahili kilikuwa kimekatika.

"Anasemaje?" wakauliza.

"Anasema ni kama hapa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi akasema kumbe walikuwa wakiletewa unga tu, hayo mengine hayapo hata huko unga unakotoka. Mgeni aliomba atafsiriwe, na alipoelewa akacheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alipakua chakula, akakipeleka mezani, akawajibu wazee maswali yao yote akiwa amesimama na sinia mkononi.

Wakati wa kurudi tulitembea kwa miguu, barabara ya Dodoma tupu, hakuna gari. Nilimwuliza kwa nini amekasirika. Akasema hakukasirika. Akatembea kidogo, akasema, "Nilidhani kuna mahali mambo haya yamekwisha."

Nimelifikiria neno lile kwa miaka mingi kuliko alivyolifikiria yeye, nadhani. Mama hakutaka kwenda Marekani. Hata Arusha mjini hakuipenda, alisema watu wake wana haraka. Alichotaka ni kujua kwamba kuna watu waliokwisha kufika, ili anayetembea huku ajue njia haiishii porini. Mgeni alikuwa amemwambia ukweli, na ukweli ule ulimhuzunisha. Lakini kesho yake alipiga pasi nguo zake kama kawaida, akaenda Nakwa.

Kikao cha kumteua mkuu wa kituo kilifanyika ofisini, wiki ya mwisho ya mvua. Mama hakuitwa kwa kuwa ndiye aliyejadiliwa. Aliitwa baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu, ambaye hatukuwahi kumsikia akimfokea mama. Wenzake walipomtania kwamba mkewe anashika plau, aliwajibu kwamba anaishika vizuri. Kwa hiyo alipotoka asubuhi kwenda kikaoni amevaa koti, mama aliamini anakwenda mtu wa upande wake.

Alirudi jua linatua. Chakula kilikuwa mezani. Alikaa bila kuvua koti, akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Vipi, mwalimu?" mama akauliza.

"Wamempa bwana shamba."

"Yule asiyetaka hata kusema na mgeni?"

"Yule. Lakini wamekusifu sana, mama. Kila mtu amekusifu. Karibu wote walikuwa wanakutaka."

Mama akaacha kupakua. "Sasa nini kilitokea?"

Baba akaangalia bakuli la mboga. "Mwenyekiti wa kikao alisema kazi ile ina safari, mtu analala vijijini. Akaniuliza mimi kama naruhusu."

"Ukasemaje?"

"Sikusema huwezi. Hilo sikusema kabisa."

"Ukasemaje, mwalimu?"

"Nilisema watoto bado wadogo," baba akajibu. "Nikasema nyumba itabaki na nani."

Kaka zangu wawili walikuwa sekondari, bweni, wanarudi nyumbani likizo tu. Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alisimama pale akitafuta kwa macho watoto hao wadogo, kwanza kwenye viti vitupu, halafu akageuka akaniona mimi, darasa la sita, nimesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Watoto gani?" akamwuliza.

Baba alimega tonge, akala. Ugali ule nilikuwa nimeusonga mimi, kama wa jana, kama wa siku zote tangu mama alipoanza kwenda Nakwa.