Mama Alikwenda Kazini kwa Kuzunguka Nyumba

Ninyi mliokua nami Ujiji mtakumbuka asubuhi zetu: harufu ya mawese yanayochemka uani kwa jirani, uji wa moto kwenye bakuli la bati, nasi tunakimbilia shule miguu peku, mkononi kidumu cha maji na ufagio wa chelewa. Sijui kama mnaikumbuka nyumba yetu. Ndiyo ile iliyotoa sauti ya kraa-kraa mchana kutwa, mashine ya mama ya kufuma masweta. Ujiji na joto lake, sweta la nini? Lakini Kasulu kule juu kuna baridi, na wanafunzi wa huko walivaa kazi ya mikono ya mama yangu.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi tu kutoka kitandani kwake. Hata hivyo mama hakuwahi kukiingia kwa kupitia ndani. Alioga, akavaa gauni lake la kazi, akapaka poda, akachukua mkoba wenye futi, mkasi na andazi lililofungwa kwenye gazeti, akatuaga, kisha akatoka kwa mlango wa mbele. Aliwasalimu majirani, "Mwakeye," akawaambia anakwenda kazini, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa uani. Jioni alirudi kwa njia ile ile, nasi tukampokea mkoba: "Shikamoo mama, pole na kazi." Majirani walicheka wee, mwishowe wakazoea.

Sheria ilikuwa moja. Mgeni akipiga hodi saa za kazi, tunajibu kwamba mama hayupo, ameenda kazini, hata kama mashine inasikika hadi barabarani. Mimi niliona kama tunadanganya watu. "Si uongo," mama aliniambia. "Nikiwa kule, hapa sipo."

Likizo moja, nikiwa darasa la nne, alipata oda kubwa ya shule moja ya Kasulu, masweta ya kijani ya shule nzima. Lori la kuyapeleka lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri, na mwalimu aliyeagiza alishasema wazi: likipungua hata moja, mwaka ujao kazi anawapa mafundi wa mtaa wa Mwanga. Asubuhi hiyo mama alikuwa amebakiza kumi na moja. Ndipo akatokea Shangazi Mwamvua, dada yake baba, ameshuka kwenye boti kutoka Mwamgongo na kapu la dagaa kichwani. Nilimpenda sana shangazi. Akaniuliza, "Wifi yangu yuko wapi?" Nami kwa furaha nikajibu, "Yupo, anafuma tu." Nikamshika mkono, nikampeleka hadi chumba cha mashine.

Mnajua wenyewe, kwetu wifi hafukuzwi. Mama aliiacha mashine, akatabasamu, akaenda kuunga dagaa kwa mawese na kusonga ugali wa muhogo. Habari za Mwamgongo zikaanza: nani kaoa, nyavu za nani zimechanika, nani kanunua injini na hana mafuta. Alasiri ikapita. Mimi nilikaa mlangoni nikingoja ile kraa-kraa, haikuja, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Shangazi alipoaga, muda uliobaki haukutosha. Lori liliondoka likiwa na upungufu wa masweta matano, na mwaka uliofuata watoto wa Kasulu walivaa masweta ya Mwanga.

Sikuchapwa, na ningeona nafuu kama ningechapwa. Mama alinikalisha karibu yake akasema, "Zuhura, ofisi za wenzangu zina ukuta na mlinzi. Mimi nina nyinyi." Kisha akaoga, akachukua mkoba, akazunguka nyumba kama kawaida. Alifuma sweta moja moja la mtu mmoja mmoja kwa miaka miwili, mpaka yule mwalimu akarudi mwenyewe kumwomba. Nimefanya kazi na mabosi wengi wenye viyoyozi na makatibu. Sijaona aliyemfikia.

Siku hizi nami nafanyia kazi nyumbani, hapa Gungu, nahariri vitabu vya shule kwa kompyuta. Vijana wanasema huo ndio usasa. Mpwa wangu huhudhuria mikutano ya mtandaoni juu amevaa shati na tai, chini bukta, na kitanda hakijatandikwa. Namcheka, ingawa na mimi sikuwa na nafuu: nilikuwa nahariri huku nakoroga mboga, huku nakaribisha wageni, huku nasoma ujumbe wa kila kikundi cha harusi. Nimechelewesha kazi mara mbili. Wiki iliyopita niliambiwa nikichelewesha ya tatu, mkataba basi. Ya tatu ilitakiwa leo, kabla ya adhuhuri.

Basi leo asubuhi nilioga, nikavaa gauni la kutokea, nikachukua mkoba. Mama, ambaye naishi naye tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa amekaa mkekani sebuleni. Nikamuaga, nikatoka kwa mlango wa mbele. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mama, twende?" Nikamwambia nimeshafika. Nikazunguka nyumba.

Saa nne nikasikia hodi. Alikuwa Mama Neema, jirani yangu, ambaye akikaa haondoki mpaka jua lizame. Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Kisha nikasikia sauti ya mama kutoka sebuleni.

"Zuhura hayupo. Ameenda kazini."

"Mbona nimemwona pale dirishani, bibi?"

"Huyo uliyemwona yuko kazini."

Mama Neema akacheka, akaenda zake. Nikatuma kazi dakika chache kabla ya adhana.

Enzi zile mama hakuwa na intaneti wala kiti cha kuzunguka, ila saa zake za kazi kila mtu mtaani alizijua. Sisi tuna kila kitu, na kazi zetu zinaingiliwa na yeyote mwenye bando. Nilifunga kompyuta, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele. Mama akanyoosha mkono, vidole vimepinda kwa miaka ya kufuma, akanipokea mkoba.

"Pole na kazi, mwanangu."