Kiti Kilichokuwa Bado Vipande

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao hapa Kamina, na kiburi chake kingewatosha watu wawili. Nasema hivyo kwa mapenzi. Miaka yote aligonga misumari kama wenzake: vitanda, milango, madawati ya shule. Halafu Mchina mmoja mwenye duka karibu na soko akamletea kiti kilichovunjika mkono. Kilikuwa cha babu yake, na alikuwa amekisafirisha toka kwao pamoja na mizigo ya duka. Tangu siku ile mume wangu hakuwa tena mtu wa misumari.

Nakumbuka alivyokichunguza. Alitafuta msumari chini, pembeni, nyuma, hakuna. Mwishowe akaona kijiti kidogo kimefichwa katikati ya kiungo. Akakigonga polepole, na ule mkono wa mviringo, tuliodhani ni tawi moja lililopindwa, ukaachana vipande vipande mikononi mwake. Kila kipande kilikuwa na ulimi, na kila ulimi ulikuwa na shimo lake. Hata ubao wa kukalia haukubanwa. Uliachiwa nafasi ndani ya fremu, uvimbe wakati wa mvua na usinyae wakati wa kiangazi. Mume wangu aliketi chini kwenye maranda akacheka peke yake.

"Mama, ona," aliniambia, kwani ndivyo mume anavyomwita mkewe hapa kwetu. "Haiko na musumari hata moya. Bale bantu balikuwa bachawi."

"Weye njo muchawi," nilimrudishia neno lake. "Tangu asubuyi haukule."

Alikitengeneza. Mchina akaja, akakipapasa, akakaa. Kisha akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake yote miwili.

Siku hizo mgongo wangu ulikuwa umeanza kuniuma. Nauza samaki wakavu wanaotoka upande wa Ziwa Kisale, na beseni la samaki halimbembelezi mtu. Mume wangu akasema atanichongea kiti kama kile, cha mukula, ule mti wetu mwekundu na mgumu. Jioni moja alinisimamisha uani, akapitisha kiganja juu ya kitenge changu toka shingoni hadi kiunoni, tena na tena, kisha akaenda kuchora juu ya ubao. Alitaka egemeo la kiti lifuate mgongo wangu, si wa mtu mwingine. Nilimwambia majirani wanatuona. Hakujali, nami, kusema kweli, sikutaka aache.

Alichonga kipande baada ya kipande, kila alipomaliza kazi za watu. Vyote alivilaza kwenye pembe ya karakana yake, chini ya gunia. Nami nikawa namsumbua: kiti changu kiko wapi, au nitakalia gunia?

"Mbao ingali inacheza," alijibu. "Nikiyifunga sasa, itapasuka. Acha baridi ipite. Mvua ya kwanza ikinyesha, utaikaa."

Haraka haraka haina baraka, nikajiambia. Nikangoja.

Katika baridi hiyo hiyo homa ikamshika. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma yake nikimshikilia asianguke, na hakurudi mzima. Sina la kuongeza hapo.

Kilio kilijaa watu. Wanawake tulilala ndani kwenye mikeka, wanaume wakakaa nje kuuzunguka moto, kama ilivyo desturi: moto wa kilio hauachwi uzimike. Na baridi ya Kamina majira yale huingia mifupani. Kuni zilipopungua, kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mtu aliyekuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, alikwenda karakana kutafuta mabaki. Nyumba ya fundi haikosi mabaki, nani asiyejua? Chini ya gunia akakuta rundo la vipande, vingine vimepinda, vingine vina matundu, na hakuna hata kimoja chenye msumari. Kwa macho ya mtu wa hapa, mbao isiyopigwa msumari haijawa kitu.

Asubuhi nilitoka kunawa uso. Katika majivu niliona ncha ya ubao mwekundu, umepinda kidogo, jinsi mgongo wangu unavyopinda kufika kiunoni. Nikaketi pale pale kwenye majivu. Wanawake wakadhani ni msiba umenizidi, wakanibeba ndani wakisema pole, mama, pole.

Ningesema nini? Yule mtu alikuwa amekesha kwenye baridi kwa ajili ya mdogo wake. Chini ya gunia vilibaki vipande viwili tu, vyote vya mkono wa kiti. Ninavyo hata leo. Ulimi ukiingia shimoni vinashikana, wala havitikisiki. Nalia kila nikivishika, na sioni haya kusema.

Mvua ya kwanza iliponyesha, shemeji yangu alikuja kunitazama, maana ni mtu mwema. Nikampa kiti cha plastiki. Tukazungumza habari za marehemu, na jinsi watu walivyokuja kwa wingi. Akapangusa macho.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo mashemeji tunavyoitana hapa, "ule moto wa kilio ulikuwa muzuri. Ile mbao ya ndugu yangu iliwaka mpaka asubuyi. Kulibakia ingine?"

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Nilimwambia hapana, iliisha yote.