Folda Niliyoiita Mama

Wakuu, sauti ya marehemu mama yangu niliifuta mwenyewe, mchana kweupe, nikinywa chai mgahawani Makambako.

Mashine haikuniuliza hata kama nina uhakika.

Nasoma shahada ya pili. Utafiti wangu ni kuifundisha kompyuta isikie Kibena, lugha ya kwetu, kwa hiyo nilizunguka vijijini nikirekodi wazee wakiongea. Rekodi zote nikazipandisha kwenye klasta ya chuo, yaani yale makompyuta mengi yaliyounganishwa yafanye kazi kama moja. Unaiendesha ukiwa mbali, kwa kuandika amri za bash, programu inayozisoma na kuzitekeleza. Ukikosea kidogo tu, imekula kwako.

Kila mzee nilimpa folda yenye jina lake. Sasa mtoto wa Kibena utamwandikaje mama jirani jina kavu? Nikaandika kwa heshima zote: Mama Hosiana.

Ya mama yangu mzazi nikaandika Mama, basi.

Alifariki wakati wa masika. Baba akaniomba kitu kimoja tu: Jumapili nikienda nyumbani Kidugala nimpelekee ile sauti, aisikie.

Wiki hiyohiyo klasta ikalalamika kwamba nimejaza nafasi yangu. Nikaona nianze kufuta folda ya Mama Hosiana, maana rekodi yake ilikuwa takataka. Kuna mtu alikuwa anamwingilia mwanzo mwisho. Nikaandika skripti, yaani faili la amri za kufuta, nikaweka humo jina la folda hiyo, nikajiona fundi.

Kumbe jina lenye nafasi katikati usipolifunga kwa alama za kunukuu, bash inalisoma kama majina mawili. Ikatafuta Mama, ikaipata, ikafuta. Ikatafuta Hosiana, haikuiona, ikanyamaza.

Nikampigia Jofrey, anayesimamia klasta. Nikamwambia ni sauti ya mama.

"Upande ule hatuweki nakala, Abel," akasema taratibu. "Pole sana, kaka."

Kinasa sauti nacho nilishakifuta zamani, nipate nafasi ya kurekodi wazee wengine. Nililia palepale mezani, watu wananiangalia.

Jumapili nikapanda bodaboda hadi Kidugala. Baba alikuwa ameketi nje na koti lake la kanisani, kama anasubiri mgeni.

"Umeileta?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Akauliza, "Na ile ya kwa Mama Hosiana? Si ndiko mama yako alikokuharibia kazi siku ile?"

Aisee, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliyekuwa anaingilia ni yeye.

Nikafungua laptop, nikaingia kwenye klasta kwa bando la simu. Folda ya Mama Hosiana ipo, haijaguswa. Nikaicheza rekodi.

Mama Hosiana anasimulia walivyokuwa wakilima ulezi. Kila akianza, kuna sauti inamkatisha, inabisha, inacheka. Ni mama. Alituletea chakula, akakaa, akashindwa kunyamaza.

Halafu akanigeukia mimi: "Abel, zima hicho kidude, ule kwanza."

Baba akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Umesikia," akaniambia. "Nenda kale."

Jamani, majina yenye nafasi yafungeni kwa alama za kunukuu, na nakala wekeni zaidi ya sehemu moja. Na mama akikuingilia kwenye rekodi, mwache aongee.

Yale mama aliyonisimulia tukiwa mimi na yeye peke yetu hayajarudi. Jofrey anasema hayatarudi.